Mvua Inayomeza Miguu

Bukoto, Kampala
11 Aprili 2023

Darlène, mke wangu mdogo,

Nakusalimu kwa upendo. Baridi ya huko imepungua, au bado unavaa makoti mawili kama mtu anayehama na mali yake yote mwilini? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Moreen, jirani yangu Mkenya mwenye ukumbi wa gemu kule Nakawa, anakusalimu sana. Ndiye anayezipiga picha barua zangu na kukutumia, na kila mara ananiambia ningeweza kuandika kwa simu. Namwambia simu haina nafasi ya kufikiri.

Mvua uliyoiomba nimeirekodi. Moreen aliiweka simu juu ya kabati, chini kabisa ya mabati, akaniagiza nisikohoe. Nilikohoa mwanzoni, sehemu hiyo utaikata. Utasikia kwanza matone makubwa yaliyoachana, kama mtu anayedondosha kunde kwenye sinia. Kisha yanaongezeka mpaka huwezi kutenga tone na tone. Mwishoni ni michirizi tu, ukingoni mwa paa, na beseni la mwenye nyumba linalofurika.

Maswali yako nayajibu kama ulivyoyapanga. Ndiyo, mvua ya kwetu Lubero ni tofauti na ya hapa. Ya hapa inaanguka. Ya kwetu ilikuwa inakuja. Uliiona alasiri upande wa pili wa bonde, nyeupe, ikifuta mikaratusi safu kwa safu. Halafu ulisikia harufu ya udongo. Sauti ilifika mwisho.

Umeuliza pia: mvua ikipiga bati, ni sauti gani inayomezwa kwanza? Mama yako hajawahi kuniuliza hivyo, wala mtu mwingine. Inayomezwa kwanza ni miguu. Mtu akiinua sauti bado unamsikia, jogoo unamsikia, lakini miguu kwenye udongo uliolowa, hapana. Siku waliyokuja wale wenye bunduki, bibi yako Julienne alikuwa anachambua maharagwe, nami namsomea gazeti la zamani. Akasema hakusikia mstari wa mwisho. Nikaurudia kwa nguvu. Hatukusikia kitu kingine mpaka mlango ulipopigwa teke. Walikuja na mvua kwa sababu walijua kazi yake. Mimi walinipiga wakadhani nimekufa. Kwake hawakukosea.

Ndiyo maana mvua kubwa ikianza mimi hufungua mlango, wakati majirani wote wanafunga. Sakafu inalowa, mwenye nyumba analalamika, nami nakaa pale nikitazama ua.

Haya sijamwandikia mtu mwingine. Nimekuandikia wewe kwa kuwa umeuliza swali sahihi.

Mume wako mzee,
Babu Mumbere


Montréal
2 Julai 2023

Babu, mume wangu,

Nakusalimu sana. Goti linaendeleaje? Ulikwenda kliniki au ulijitibu kwa kusoma? Mimi nipo vizuri, nimechoka tu kwa kazi, lakini ni uchovu mtamu.

Barua yako niliisoma nikiwa peke yangu, nikalia, kisha nikaisoma tena. Asante kwa kuniamini. Sikujua. Mama alikuwa anasema tu "vita" halafu anabadilisha mazungumzo.

Sasa nikueleze nilichofanya. Unakumbuka nilikuambia kampuni inatengeneza mchezo wa askari mmoja anayepita milimani, katika nchi isiyotajwa jina? Hali yote ya hewa ni yangu. Babu, laiti ungeiona. Maji yanatafuta mabonde yenyewe, hakuna anayeyaelekeza. Matope yanakuwa mazito kadiri mvua inavyoendelea, na yanashika buti. Majani yanageuza upande wa chini kabla upepo haujafika. Radi ikipiga mbali, ngurumo inachelewa kama inavyochelewa kweli. Na mvua inakuja, kama ulivyosema; inavuka bonde ikifuta mikaratusi. Mabati ni mabati yako. Wenzangu waliposikia sauti ile waliacha kazi wakasimama nyuma ya kiti changu.

Jibu lako kuhusu miguu nalo limeingia. Mvua ikikolea, walinzi hawakusikii, kwa hiyo mchezaji makini anaisubiri ndipo asogelee nyumba. Wakubwa wanasema hawajaona gemu ambayo mvua yake ina kazi hivyo. Mchezo ukitoka wataniweka kuwa kiongozi wa timu nzima ya hali ya hewa. Jina lako litakuwa mwishoni, kwenye shukrani: Mumbere Kasolene, Kampala.

Nimemtumia Moreen video fupi. Itazame kwenye skrini yake kubwa, uniambie.

Mke wako mdogo,
Darlène


Bukoto, Kampala
20 Julai 2023

Darlène,

Natumaini u mzima. Mimi mwili ni mzima.

Nilikwenda Nakawa Jumamosi. Moreen aliwaondoa vijana kwenye skrini kubwa, akaniwekea kiti, akasema, "Kaa hapa karibu, mzee. Usiogope, hiyo mvua hailoweshi mtu." Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilikuwa nimevaa koti, kama mtu anayekwenda kwenye mahafali ya mjukuu wake.

Nitakuwa mwadilifu. Sijapata kuona mvua iliyotengenezwa na mtu ikafanana na mvua namna ile. Ukungu unaovuka bonde ni wenyewe. Rangi ya udongo ni yenyewe; sijui uliipata wapi, maana hujawahi kuukanyaga. Hata maji yanayokusanyika kwenye kisigino cha nyayo umeyaona. Kijana mmoja nyuma yangu alipiga mbinja.

Kisha bati likaanza kulia, na ni bati langu, na sehemu ya chini ya skrini nikaona mikono miwili yenye bunduki, na matone yakiteremka kwenye chuma taratibu, moja moja, kama lulu. Mikono hiyo ikaisogelea nyumba. Nilikuwa nasubiri kujua mimi ni nani katika mchezo huu. Ndipo nikaelewa kwamba mikono ile ni yangu.

Darlène, mimi nilikuwa ndani ya nyumba. Miaka yote hii nimekuwa ndani yake. Sikuwahi hata mara moja kuiona siku ile kutoka nje, kwa macho yao. Wewe umenitoa, umenivalisha buti zao, umenipa na mvua nzuri ya kutembelea. Umechukua kitu kilichomuua bibi yako, ukakifanya kuwa msaada kwa mchezaji makini. Makini. Neno hilo uliliandika wewe.

Moreen akaniuliza kama nataka soda. Nilihitaji ndoo. Nilitoka nje nikatapika kwenye mtaro, mbele ya wauza nyanya, mtu mzima na koti lake. Mpaka leo nikisikia harufu ya ukumbi ule kwenye nguo za Moreen, nasogeza kiti mbali.

Ungetengeneza jambo baya kwa ubaya, ningelisahau. Kinachonichukiza ni uzuri wake. Mtu ameketi siku nyingi akilipamba tone la maji kwenye bunduki, na mtu huyo ni damu yangu.

Ondoa kanuni hiyo ya miguu. Ondoa bati langu. Jina langu lisionekane popote. Ukishafanya hivyo, niandikie.

Babu yako


Montréal
15 Agosti 2023

Babu,

Nakusalimu kwa heshima. Moreen ameniambia ulikuwa na homa, natumaini imepungua. Nisamehe kwamba ninaandika kabla ya kufanya uliyosema.

Sijui nianzie wapi. Nilidhani utafurahi. Si mchezo kwa jumla, najua hupendi bunduki, lakini mvua. Nilitaka uone kwamba kuna mtu amekusikiliza mpaka mwisho.

Bati naweza kuliondoa, na jina pia. Kanuni si yangu tena. Hatua zote za mchezo zimejengwa juu yake, na watu wengi wanaifanyia kazi. Nikisema iondolewe wataniuliza kwa nini, na siwezi kukutoa wewe kama sababu mezani, mbele ya watu wanaokula chakula cha mchana.

Na nikuambie jambo, usikasirike. Kitu cha bibi mimi sikupewa. Sina picha yake, sina kitambaa chake, kaburi silijui. Mama alifunga mdomo. Wewe ulinipa mvua, na ndicho kitu pekee cha bibi nilicho nacho. Nilikifanyia kazi kwa njia pekee ninayoijua.

Nyumba ile ni tupu, Babu. Hilo hukuliona kwenye video. Walitaka kuweka familia ndani, mimi nikakataa, tukagombana wiki nzima. Askari akifungua mlango hakuna mtu. Nilifanya hivyo kwa ajili yake.

Mjukuu wako,
Darlène


Bukoto, Kampala
1 Septemba 2023

Darlène,

Homa imekwisha, asante.

Nimeifikiria nyumba yako tupu. Walipoingia, kulikuwa na sinia ya maharagwe, mengine yamechambuliwa na mengine bado. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa ananicheka kwa jinsi nilivyosoma. Wewe umemtoa mke wangu nyumbani kwake ili buti zipite bila aibu. Anayecheza atafungua mlango, ataona hakuna mtu, atajiona hana kosa, ataendelea.

Wale waliokuja walisema vivyo hivyo baadaye. Walisema kijiji kilikuwa kitupu.

Sina la kuongeza. Usiandike.

Mumbere Kasolene


Montréal
9 Machi 2025

Babu yangu,

Nakusalimu, hata kama hujibu. Moreen huniambia u mzima na kwamba barua zangu anakupa mkononi. Haniambii kama unazisoma.

Mchezo umetoka mwezi uliopita. Bati lako halimo. Nililiondoa mwenyewe na kufuta rekodi kila mahali. Tumeweka bati lingine, la ghala moja hapa, watu wanasema si zuri kama lile la kwanza. Jina lako halimo.

Kuhusu kanuni, nilikwenda. Nilikutaja. Nilisimama mezani nikawaeleza yote, mpaka maharagwe. Mmoja alilia, wakanishukuru kwa ujasiri wangu, na baada ya chakula wakasema kanuni itabaki kwa kuwa ndiyo jambo bora katika mchezo. Mmoja wao alipendekeza kisa chako kiwekwe kwenye matangazo. Nilitoka, nikafanya ulichofanya wewe pale Nakawa, ila mimi nilikuwa na choo.

Uongozi wa timu niliukataa. Sasa natengeneza nyasi katika mchezo mwingine, wa watu wanaofuga farasi. Mvua ile imepata tuzo, akaenda mtu mwingine kuipokea.

Sijakuandikia ili unisifu. Nina likizo mwezi wa tano. Nimetazama nauli ya ndege mpaka Entebbe. Naomba nije, hata kama ni kukaa tu nawe bila mazungumzo. Sema ndiyo au hapana.

Mjukuu wako,
Darlène


Bukoto, Kampala
28 Machi 2025

Darlène,

Nakusalimu, mwanangu. Mimi ni mzima, goti ni lile lile. Barua zako zote nilizisoma.

Gemu yenu imefika Nakawa. Moreen hakutaka kuinunua. Alinijia akaniambia, "Mzee, vijana wananikimbia, wanakwenda Nateete kuicheza huko. Nikiiweka utaniona mbaya?" Nilimwambia aweke, ana watoto wa kusomesha. Sikupanga kwenda tena. Nilikwenda Jumatatu kumpelekea funguo alizosahau, nikasimama mlangoni.

Mbele ya skrini kubwa alikuwa ameketi Bienfait. Ni kijana wa kwetu, amezaliwa karibu na Beni, anabeba mizigo sokoni. Amenibebea mkaa mara nyingi na hakubali nimpe kitu. Anaimba kwaya nasi. Kando yake alikuwa Oketch, Mkenya, mgeni katika mchezo huo, amejificha na askari wake nyuma ya ukuta, ana haraka ya kuingia. Kwenye bonde la mbali la mchezo weupe wa mvua ulikuwa umeanza. Bienfait akamshika mkono, akamwambia, "Tulia, ndugu. Ngoja mvua."

Alisema hivyo tu, kwa Kiswahili cha kwetu, kwa sauti ya mtu anayengoja maji yachemke.

Muda wote huu nilikuwa najiuliza wale waliotujia walizungumza nini kule juu kwenye mikaratusi kabla hawajashuka. Kichwani mwangu niliwapa maneno mengi ya chuki, maneno mazito, kwa kuwa nilidhani jambo kama lile lazima litanguliwe na maneno mazito. Sasa najua. Mmoja wao alikuwa na haraka, na mwingine, labda mwenye roho nzuri, labda mwanakwaya, alimshika mkono.

Nilimwekea Moreen funguo mezani nikarudi nyumbani kwa miguu. Bienfait alinikimbilia mpaka barabarani akaniuliza kama nina mzigo. Nilimwambia sina. Sikuweza kumtazama mikono.

Neno hilo lipo duniani sasa, nawe ndiye uliyelileta, ingawa ulisimama mezani na kusema. Nimelipima tendo lako hilo, na ninakuheshimu kwalo. Haliondoi kinyaa. Nimejaribu kukitenga kinyaa na wewe, kama mtu anavyotenga mawe na maharagwe, na sehemu kubwa nimefaulu.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo. Lakini mwezi wa tano hapana, maana hapa mvua bado ni nyingi, na alasiri bati linalia mpaka hatutasikilizana. Njoo mwezi wa saba, wakati wa jua. Sitaki tuwe wawili ndani ya nyumba inaponyesha.

Babu yako