Krosi za Kushoto

4 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Mimi mzima, ila masikio ndiyo yale yale ya mtu aliyegonga bati miaka thelathini. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu tunaishia kupigiana kelele tu. Wewe hujambo? Na mkwe wangu Komeo, afya yake ikoje?

Nauliza kwa sababu ya Jumamosi. Nilikuwa uwanjani. Tatu kwa moja, tena nyumbani kwetu! Kwa kinyozi hapakaliki tangu siku hiyo. Huyu anasema kocha amejaza viungo wazito, yule anasema beki wetu Tingatinga anageuka kama lori kwenye uchochoro. Lakini wote mwisho wanaishia golini. Mechi ya tatu sasa, krosi inatoka kushoto, kipa wetu anaruka mpira ukiwa umeshapita. Bao la pili hakuruka kabisa. Alisimama kama mtu anayesubiri kuambiwa kitu.

Jukwaani wakaanza kuimba, "Komeo limelegea, mlango uko wazi!" Sitakuficha, mstari wa kwanza niliimba na mimi. Halafu nikakumbuka ni mumeo, nikafunga mdomo.

Ana nini, mama? Kipa aliyedaka penalti mbili kwenye fainali hawezi kusahau kazi yake ndani ya wiki tatu.

Mjomba wako


11 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua imefika. Mimi sijambo. Kule dobi ya hospitali mashine moja imekufa, mashuka yamerundikana mpaka yametupita urefu. Nakunja tu. Siku hizi naweza kukunja mashuka mia bila kuwaza chochote.

Umeuliza ana nini. Swali lako nimekaa nalo siku tatu, na nimeona nikujibu wewe kwa sababu hakuna mwingine aliyeuliza. Wengine wanatukana tu.

Jicho la kushoto halioni. Januari, mazoezini, alipigwa goti usoni. Akainuka, akasema ni vumbi. Siku chache baadaye akaniambia kuna kama pazia jeusi linashuka pembeni. Sasa limefika katikati. Anamimina chai nje ya kikombe, nafuta meza, tunaendelea na mazungumzo mengine. Daktari wa timu hajui. Mkataba unakwisha Juni, na anasema hakuna timu itakayomsajili kipa wa jicho moja, kwa hiyo bora afike hapo kwanza.

Nilimwambia twende hospitali, mimi pale nafahamika. Akanijibu, "Kama unanipenda, nyamaza." Nikanyamaza. Nilidhani nitalia nikiandika haya. Sijalia.

Usimwambie mtu, Mjomba. Hata shangazi.

Mpwa wako


20 Machi

Mpwa wangu,

Sisi huku wazima. Natumaini na nyinyi. Mkono wangu mzito leo, nivumilie.

Siri yako niliishika siku nne.

Jumatatu nilipita kwa kinyozi. Tulikuwa tumefungwa tena mbili, na bao moja ni lile lile la kushoto. Kinyozi akasema mbele ya watu wote, "Huyu ameuza mechi. Mtu hakosei upande mmoja mara nne kwa bahati mbaya." Mwalimu mstaafu, ambaye nilimwona mtu wa busara, akaitikia, "Lisemwalo lipo." Nikawaambia wamwache kijana wa watu. Kinyozi akacheka: "Wewe lazima umtetee, si mkwe wako? Labda na wewe umegawiwa."

Damu ikanipanda kichwani. Nikapiga meza, nikasema, "Hajauza kitu! Haoni! Jicho lake la kushoto limekufa!"

Kinyozi akazima mashine ya kunyolea. Mteja aliyekuwa kitini, povu limemjaa kidevuni, alinitazama kupitia kwenye kioo. Alipotoka ndipo nikaambiwa ni shemeji wa mtunza vifaa wa timu.

Ulimi hauna mfupa; wangu hauna hata breki. Nilitaka kumwokoa na aibu ya wizi, na sasa sijui nimemfanya nini. Niandikie. Hata kama ni kunitukana.

Mjomba wako


17 Aprili

Mpwa wangu,

Hamjambo? Sijapata jibu, na simu yako inaita mpaka inachoka.

Jumapili walisoma majina redioni. Golini yuko kipa wa akiba, yule mgeni kutoka nje. Tulishinda moja bila. Kwa kinyozi walishangilia mpaka viti vikaanguka, na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo. Nilitazama kipindi kizima cha pili kwenye televisheni yao, halafu nikagundua sikumbuki dakika hata moja. Nikarudi karakana, nikanyoosha mlango wa gari ambao nilikuwa nimeshaunyoosha.

Kinyozi ameniomba msamaha. Nimemwambia si mimi wa kuombwa.

Mjomba wako


3 Juni

Shikamoo Mjomba,

Natumaini u mzima. Sisi tupo. Barua zako zote zilifika. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nakaa na kalamu, na hakuna kilichokuja.

Walimwita ofisini Machi ile ile. Daktari wa timu alimfunika jicho la kulia, akanyanyua mkono, akamwambia ahesabu vidole. Akasema vitatu. Daktari alikuwa amekunja ngumi. Mkataba ulivunjwa siku hiyo.

Nikampeleka hospitali, pale kwetu kazini. Wakamfanyia upasuaji mara mbili. Kuna ngozi nyembamba nyuma ya jicho, ilikuwa imebanduka. Sasa jicho hilo linaona mwanga tu, na halitaona zaidi. Daktari wa macho akaniuliza, "Mama, hili lilianza lini?" Nikasema Januari. Akasema Januari lingepona. Alisema taratibu, huku anaandika. Nikarudi kazini, nikakunja mashuka mpaka saa ya kutoka.

Nyinyi kwa kinyozi mnajadili makosa ya huyu na yule, mnayarudia kwenye televisheni. Langu ni hilo. Nilikaa karibu naye miezi miwili, nikafuta meza.

Alitaka kujua nani alisema. Nilimwambia mimi nilikwambia wewe, na wewe ulisema pale uliposikia wanamwita mwizi. Siku ya tatu, anafunga viatu, akasema, "Kwa hiyo wanajua sikuuza?" Nikamwambia wanajua. Akaendelea kufunga viatu.

Anatoka asubuhi, anatembea mpaka uwanja wa shule, anarudi. Juzi, bila kuulizwa, akasema mgeni anasimama mbele mno ya goli, atafungwa kwa juu. Hayo ndiyo maneno marefu aliyosema mwezi mzima.

Jana amesema, "Mwambie mjomba aje." Sikumuuliza kwa nini.

Njoo wikiendi yoyote. Usimwombe msamaha mlangoni, atachoka. Na ukikaa, kaa upande wake wa kulia.

Mpwa wako