Tope Kati ya Chupa za Achari

Ladypool Road,
Sparkbrook, Birmingham.
27 Februari 1972

Kwa dada yangu mkubwa Mbeyu,

Pokea salamu tele, wewe na shemeji, pamoja na mwanangu Dama unayenilelea. Hamjambo nyote? Kikohozi chake kimepona? Nilimwacha akitambaa, na sasa nasikia anakimbiza kuku. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imeniingia mpaka kwenye mbavu.

Uliniandikia kuwa watu wa Mtwapa wanacheka eti nimepanda ndege kwenda kusomea tope. Wacheke tu! Tope lenyewe nalichota pale mto Severn unapokutana na bahari. Juu yake huishi mwani mdogo mno, jicho haliuoni mpaka uwe mwingi, ndipo unaona utando wa rangi ya dhahabu. Mimi nilishikilia kwamba mwani huo ukipata mwanga huikamata mbolea inayopanda kutoka ndani ya tope, isimwagike yote majini. Profesa akaniambia nithibitishe kabla ya Pasaka, la sivyo nikae mwaka mwingine. Mwaka mwingine bila Dama! Nililia, dada.

Mwezi huu wachimba makaa wamegoma na umeme unakatwa kwa zamu. Taa za maabara zilipozimwa nikabeba mabakuli yangu mawili ya tope hadi chumbani kwangu, kumbe zamu iliyofuata ilikuwa ya mtaa wetu. Mwenye nyumba wangu, Mama Bhanumati, ni Mhindi wa Kisumu, na kwa utani wa Kiswahili hanipi nafasi. Jua likichungulia tu, yeye hukimbiza chupa zake za achari dirishani, kama alivyozoea kwao. Siku ile nikiwa darasani alilionea tope langu huruma, akaweka bakuli moja katikati ya chupa. La pili halikupata nafasi, likabaki gizani.

Niliporudi nilifoka kama kichaa. Akanijibu kwamba hata malimau ya achari hayaivi gizani, sembuse tope. Nikapima maji kwa hasira, na dada, sikuamini! Maji ya bakuli la gizani yalijaa mbolea. Ya dirishani hayakuwa nayo ila kidogo sana, mwani ulikuwa umeikamata. Nilimkumbatia Bhanumati tukacheza jikoni, mikono yake inanuka bizari. Profesa aliniamuru nirudie, nikarudia, safari hii kwa kukusudia, na jibu likawa lile lile.

Basi sikai mwaka mwingine. Narudi Julai, na kazi nimeshapata, ya kuchunguza tope la hori yetu ya Mtwapa, ule mkono wa bahari. Nina furaha hata usingizi siupati.

Lipo jambo moja sijathubutu kukuambia. Najua Dama anakuita wewe mama. Shemeji alinidokezea, nawe ukanificha nisiumie. Niliumia kidogo, halafu nikamshukuru Mungu kwamba mwanangu hakukosa wa kumwita hivyo. Nikifika usimsukume kwangu, wala usimsahihishe. Mwache aniite mama mdogo mpaka atakapotaka mwenyewe.

Msalimie shemeji, na majirani wote uwape mkono kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Kache