Sikio la Ngamia Kwenye Skrini

Mpendwa Eeddo,

Dada wa baba, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Waberi, huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike, na bado nikikwama mkono wangu hutafuta simu kabla akili haijakumbuka. Jumatatu ulitafuta tena. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka siku nilipoharibu mashine yangu ya kwanza dukani kwako? Skrini nyeusi tii, nami nimekalia mikono yangu isije ikagusa kitu kingine. Hukufoka. Ulimimina chai, ukauliza, "Mara ya mwisho uligusa nini?" Sikujua. Ukanipa daftari. "Mwoga mzuri huandika," ukasema. Tangu siku hiyo naandika kila ninachogusa, hata nikibadilisha betri ya saa ya ukutani.

Watu walikucheka kwa sababu madirisha ya mfumo wako wa Linux yalinesanesa ukiyavuta, kama nundu ya ngamia aliyeshiba. "Mama mzima anachezea katuni," fundi wa pikipiki wa jirani alikutania. Ukamjibu, "Wewe unapima injini kwa sikio, mimi napima draiva kwa jicho." Dirisha likinesa, draiva inaiendesha vizuri kadi inayochora skrini. Likikauka kama ubao, kuna jambo.

Nilipoajiriwa karani katika ofisi ya soko la mifugo, ulikuja ukaniwekea mfumo uleule, pamoja na uwezo wa kukuza skrini nzima. Programu yetu ya usajili huonyesha picha ya mnyama ndogo kama stempu, na haina njia yake ya kuikuza.

Jumatatu hiyo alikuja ayeeyo mmoja, bibi mwenye mtoto wa jicho, akidai ngamia jike aliyekuwa zizini akisubiri lori. Alisema ni wake, aliyepotea akiwa ndama mikononi mwa mkwewe. Mkwe yuko malishoni Banissa, simu haishiki. Alama ya shingoni ilikuwa ya ukoo wao, lakini ukoo mzima una alama hiyo. Mfanyabiashara mwenye lori naye aliapa kwamba amemnunua kihalali. Iliyobaki ni picha tuliyopiga siku ndama wa ayeeyo alipochanjwa.

Nikabonyeza kukuza. Haikukua. Nikavuta dirisha. Ubao mtupu.

"Mwambie tu unachoona," mkuu wangu akasema.

Ayeeyo akagonga fimbo sakafuni. "Huyu ni mtoto wa nani hata aone kwa niaba yangu? Macho yangu ni mabaya, lakini ni yangu."

"Lori iko na safari, ayeeyo," mfanyabiashara akasema. "Ngamia si bibi harusi, hatutamwangalia mpaka sala ya Asiri."

"Ungemwangalia wako hivyo, ungeoa vizuri."

Watu walicheka. Nikafungua daftari: Alhamisi, nimesasisha mfumo, kiini chake kipya, yaani kernel, kimeingia. Ni mimi. Ningeweza kusingizia umeme, na Garissa nzima ingeniamini.

"Ni mimi niliyeigusa," nikasema. "Nipeni dakika kumi."

Nikaandika ile amri yako ya kuiuliza mashine nani anayechora skrini. Ikajibu kwamba si kadi. Ni prosesa, ubongo wa mashine, inayojikokota peke yake. Basi draiva ilikuwa imejengwa kwa kiini cha zamani, na haikuhamia kwenye kipya. Nikazima, nikawasha, na katika orodha inayotokea mashine ikiwaka nikachagua kiini kile cha zamani. Skrini ilibaki nyeusi muda wa kutosha kusoma Fatiha. Iliporudi, nikavuta dirisha.

Likanesa.

Sikulia, Eeddo. Nilikuza tu picha ya ndama.

Ayeeyo akasogeza uso karibu. "Hilo sikio la kushoto limefanya nini?"

"Limekatwa. Imeandikwa hapa kwamba ni fisi."

Akatoka nje, akaomba ngamia akalishwe chini, akapapasa sikio la kushoto, kisha la kulia, kisha akarudia la kushoto. Yote mawili yalikuwa mazima.

"Sikio halioti tena," akasema. "Wangu hajarudi. Lori iende."

Kabla ya kuondoka alinishika kiganja. "Ungenieleza kwa mdomo, ningekubishia. Ningeapa, na ningekula haramu."

Mchana ule niliijenga draiva upya kwa kiini kipya, nikaijaribu, nikaandika kila hatua. Bado naogopa kila ninapobonyeza kitufe. Ila sasa naogopa nikiwa na kalamu mkononi, na hofu ya namna hiyo naiweza.

Kila asubuhi, kabla ya kumwita wa kwanza kwenye foleni, navuta dirisha upande mmoja na kuliachia. Hizo ndizo salamu zangu kwako. Allah akunurishie kaburi.

Binti wa kaka yako