Konfeti za Kijani

Jumatatu, 6 Mei
Wouter, mpangaji wangu wa juu, kapata mjukuu kwao Ghent, Ubelgiji! Kashuka ngazi mbio, mtu mzima yule. Tukanywa kahawa. Akaanza maneno yake: eti kwao konfeti ni vikaratasi vya kurusha kwenye sherehe. Wafaransa vilevile, Waingereza vilevile. Nikamwambia hapa Sulmona konfeti inaliwa — lozi iliyovikwa sukari, na mimi nazifunga ziwe maua dukani tangu usichana. Vikaratasi tunaviita koriandoli, maana zamani kwenye kanivali zilirushwa mbegu za giligilani zenye sukari. Akacheka mpaka machozi. Kumbe sisi tulibaki na jina la mbegu, wao wakachukua la lozi, na wote tunarusha karatasi!

Napenda anavyocheka. Haya, nimeshaandika.

Binti yake anataka arudi Ghent moja kwa moja. Hajamjibu. Sikuthubutu kuuliza.

Jumanne, 7 Mei
Makubwa! Kwao Wouter mtoto akizaliwa majirani hugawiwa lozi za sukari. Basi kanunua mfuko mzima — wa KIJANI! Eti rangi nzuri. Kagawa mtaa mzima, na Kiitaliano chake kile, hakuna aliyesikia habari ya mjukuu. Hapa kijani ni uchumba! Na kila Jumapili anakula kwangu. Iole wa duka la mkate kanikumbatia barabarani: hongera shoga, ujane umetosha! Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama kanuna. Kwa nini yeye awe wa mwisho kujua? Nikasema ni makosa tu. Akauliza kama nimemkanushia Iole.

Sijamkanushia.

Alhamisi, 9 Mei
Nimemweleza Wouter. Kaiva uso kama nyanya. Akataka apite nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Nikasema subiri kwanza.

Subiri nini, mwanamke wewe? Najua nini. Nataka abaki.

Jumapili, 12 Mei
Kaja kula kavaa koti. Mama hakungoja hata tambi ziive: "Bwana Wouter, utapita lini kusahihisha?"

Akaweka uma chini. Kumbe juzi alikwenda kwa Iole. Iole akampongeza. Akajikuta anasema asante.

"Asante ya nini?" Mama huyo.

Kanitazama mimi, si Mama. Kaomba tutoke kidogo, ana neno.

Naandika jikoni. Nimesema natafuta shali. Nacheka peke yangu. Mama anapiga kelele: "We Loredana, mwenzio kasimama mlangoni!"

Shali iko begani tangu saa ile.