Waya Niliulegeza Mimi Mwenyewe

Mpendwa Mama Yudith,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi marahaba, tusipotezeane muda, maana nina jambo ambalo sijaweza kumwambia mchungaji wala dada yangu wala mtoto niliyemzaa, nikaona nikuambie wewe wa gazetini nisiyekujua sura. Naitwa Rogathe, nina miaka sitini na moja, tunalima tangawizi hapa Mamba, na usijisumbue kulificha jina langu, kwa sababu ukishaandika tu neno antena, Mamba nzima itajua ni nyumba gani.

Mume wangu ni Aminieli, mwalimu mstaafu, hanywi, hapigi, hajawahi kulala nje, nayasema haya mapema ili usije ukanishauri nimwache. Mwaka jana binti yetu Jenifer alituletea televisheni na king'amuzi kile cha antena, fundi akaja kutoka Same, akasimamisha bomba juu ya bati, akafunga antena, picha ikatoka safi, na tangu siku hiyo mume wangu akawa wa televisheni. Anaanza na taarifa ya habari, anaingia kwenye mpira, anamalizia na tamthilia moja ya Kituruki iliyowekewa Kiswahili, na siku yule mwanamke wa kwenye tamthilia alipolazwa hospitali, Baba Jenifer alishindwa kumaliza makande yake, akaniambia, "Mama Jenifer, huyu mama anateseka mno," na machozi yanamlengalenga, mtu ambaye hakulia hata kwenye msiba wa baba yake mzazi.

Sasa mwezi wa tatu nilikwenda hospitali Same nikamwambia nakwenda sokoni, nikapimwa macho, daktari akasema ni presha ya macho, la kushoto limeshaharibika sana, akanipa matone na barua ya kwenda hospitali ya rufaa Moshi, akasema niende upesi na nisiende peke yangu. Nilirudi na ile barua nikakaa pembeni ya mume wangu nikasema, "Baba Jenifer, nina neno." Akainua mkono bila kunitazama. "Subiri kidogo, matangazo yanaingia sasa hivi." Nikasubiri. Matangazo yakaingia, akanigeukia, akasema, "Chai ipo?"

Nikaleta chai. Barua nikaificha kabatini chini ya vitenge.

Kesho yake asubuhi nikifagia sebuleni nilipitisha mkono nyuma ya king'amuzi, nikashika kile kichwa cha chuma cha waya wa antena kinachofungwa kwa kuzungusha, nikakilegeza, nikakivuta kidogo tu kikabaki kinaning'inia mahali pake kama kimefungwa, na jioni picha ikaanza kuvunjika vipande vipande, sauti ikakwama, kisha skrini nzima ikaandika hakuna mawimbi. Nilitaka jioni moja tu, Mama Yudith, nimwambie habari za macho. Lakini yeye alichukua ngazi akapanda juu ya bati.

Na hapo ndipo dhambi yangu iliponinogea. Yeye juu anazungusha bomba, mimi chini dirishani. "Imekuja?" "Bado!" "Na sasa?" "Bado, Baba Jenifer!" "Hebu angalia vizuri!" Hatujazungumza kiasi hicho tangu harusi ya Jenifer. Wiki nzima ikawa hivyo, kisha ya pili, akafunga busta ya kukuza mawimbi, akabadilisha waya wote wa nje, akaongeza urefu wa bomba, alikagua kila mahali isipokuwa pale nyuma ya king'amuzi, anasema huko ndani alifunga fundi na fundi hakosei.

Kuna na hili. Akawa ananiambia nimsomee ile namba ya ubora wa mawimbi inayoandikwa chini ya skrini, na mimi ile namba siioni, naona ukungu tu, kwa hiyo nikawa nabuni. Akiuliza ngapi nasema ishirini, nasema thelathini, na siku moja jua lilikuwa kali na shati lote limemlowa jasho, nikamhurumia nikapiga kelele, "Sitini!" Akaifunga antena palepale kwa waya wa senyenge, imekazwa haswa, inatazama msituni.

Ila picha haikuja, na sasa amesema kinachozuia mawimbi ni migrivea ya jirani yetu Loth iliyoko mpakani. Jumapili baada ya ibada alimwambia mbele ya watu, "Loth, kata ile miti." Loth akacheka akasema, "Mwalimu, mbona kwangu inaonyesha?" Baba Jenifer akasema basi miti hiyo imepandwa kwa makusudi. Wameimba bezi pamoja kwenye kwaya miaka thelathini, na sasa hawasalimiani, wamepeleka shauri kwa mwenyekiti wa kitongoji, litasikilizwa Jumamosi ijayo.

Niliporudi kutoka kanisani siku hiyo nilikimbilia king'amuzi nikaukaza ule waya, nikasema liishe. Haikuonyesha kitu. Nimeukaza hadi vidole vinauma, hakuna mawimbi. Uongo wangu umegeuka kweli. Nifanye nini, nimwambie au ninyamaze hadi masika yaishe, labda ni mvua tu?

Ni mimi Rogathe, Mamba.

JIBU

Rogathe,

Nimekuzidi miaka miwili, kwa hiyo marahaba. Barua yako niliisoma mara moja tu nikatafuta namba uliyoandika nyuma ya bahasha nikakupigia, kwa sababu gazeti linatoka mara moja kwa wiki na macho hayasubiri wiki. Hapa nakuandikia yaleyale niliyokuambia kwenye simu, ili na wengine wanaolegeza nyaya majumbani mwao wayasikie.

Pole kwa jioni ile ya chai. Iliniuma. Mwanamke ametoka Same na barua ya daktari anaambiwa asubiri matangazo ya sabuni, hiyo haina utetezi, hata kwa mwalimu mstaafu. Sasa pole imeisha, tugombane.

Umeniandikia kurasa tatu za antena na mistari michache ya macho. Umeniuliza kama mvua ndiyo inayozuia mawimbi. Hukuniuliza hata mara moja kama utapofuka. Presha ya macho haiumi, haipigi hodi, na inachokula hairudishi. Hilo muulize daktari yeyote atakuambia. Una barua ya miezi miwili chini ya vitenge. Ulimpa mumeo nafasi moja, akaikosa, ukaamua kumwadhibu kwa macho yako mwenyewe. Yeye amekosa tamthilia, wewe unakosa jicho. Nani amepata hasara?

Na umempandisha mzee wa watu juu ya bati lenye unyevu, wiki kwa wiki, akazungushe chuma kwa namba za kubuni. Angeanguka ungesemaje? "Sitini"?

Tufanye hivi. Kesho asubuhi, kabla hajaondoka kwenda shamba, weka barua ya daktari mkononi mwake. Usiseme "nina neno." Mpe karatasi, yeye ni mwalimu, karatasi ataisoma. Kisha mwambie habari za waya, zote, pamoja na sitini. Atakasirika. Muache akasirike, ana haki, lakini akasirike mkiwa mnapanga safari ya Moshi.

Halafu mfuateni Loth, nyote wawili, kabla ya Jumamosi. Mwombeni radhi, kisha mwombeni mtazame antena yake. Kama kwake inaonyesha, basi inakotazama yake ndiko mnara uliko, na migrivea haina kosa lolote. Hivyo ndivyo fundi mwenye akili anavyoanza: anaangalia nyumba ya jirani.

Mengine ni kazi ndogo. Kagueni kichwa cha waya pande zote mbili, ndani na kule juu, msije mkakuta kimeingia maji. Busta itoeni kwanza, wakati mwingine inaharibu kuliko inavyosaidia. Antena izungushwe kidogo kidogo, na kila ikizungushwa msubiri, maana king'amuzi huchelewa kusema kilichokipata. Mwenye haraka huipita picha bila kujua. Ikitulia, tafuteni chaneli upya. Na namba zisomwe na Loth. Wewe, Rogathe, ukae mbali na dirisha hilo.

Mama Yudith

UJUMBE ULIOTUFIKIA BAADA YA WIKI TATU

Mama Yudith, shikamoo. Nilimpa karatasi kama ulivyosema. Aliisoma amesimama, akairudia, akaangalia tarehe. Akasema, "Hii ni ya mwezi wa tatu." Nikasema ndiyo. Nikamwambia na ya waya. Alitoka nje nikadhani ameondoka, kumbe amekaa kwenye gunia la tangawizi, nikasikia anapiga simu, anamwomba mtu wa bodaboda waje wawili, mmoja wake na mmoja wangu, na waendeshe polepole.

Kwa Loth alikwenda peke yake, hakutaka niende naye. Sijui walisemezana nini. Walirudi pamoja, Loth amebeba ngazi yake, na kabla ya saa sita antena ilikuwa imeshageuzwa, picha ni safi, wanasema.

Moshi tumekwenda mara mbili. Jicho la kushoto, daktari amesema kilichopotea hakirudi. Baba Jenifer alimwomba arudie, daktari akarudia, naye akaandika kwenye daftari kama vile asingekumbuka. La kulia wameliwahi. Nisipoacha matone nitaona nalo.

Hajafurahi kuandikwa gazetini, amesema nikuambie hivyo. Matone ananitia yeye, asubuhi na jioni. Ananiambia nisitikisike, na akimaliza anaandika saa kwenye lile daftari.