Stilihedi Mmoja Kabla ya Winnipeg

Jumapili, 8 Februari

Nimemwomba! Nilikuwa naosha vyombo, yeye anakunywa kahawa, nikasema: Baba, nifundishe kuvua wale samaki wa stilihedi kwa boya. Akaweka kikombe chini. Miaka arobaini na tisa hujauliza, akasema, unauliza leo ninapofunga mizigo?

Ndiyo, leo! Tarehe 28 dada Verna anakuja kumchukua akaishi naye Winnipeg, kwenye tambarare zile ambako hakuna stilihedi hata wa dawa. Mikono inamtetemeka, fimbo ya kuvulia hawezi tena kuishika. Nataka kuvua mmoja tu, akiona kwa macho yake, kabla hajaondoka. Kwa nini sikuanza miaka kumi iliyopita? Mjinga mimi.

Jumanne, 10 Februari

Mto Vedder, kabla ya kazi. Suruali ya mpira ya Baba inanifika kwapani. Yeye kwenye kiti cha kukunja ukingoni, blanketi magotini, mdomo haufungi. Boya linaelea, chubwi la risasi linanyoosha mshipi, na chambo — mayai ya samoni, yananuka! — kinapita karibu na chini bila kugusa. Kusema ni rahisi. Boya langu lililala ubavu.

"Limelala kama wewe Jumapili asubuhi! Chubwi limekalia mawe. Punguza kina!"

Nikapunguza. Nikapunguza mno. Nimefika shuleni nimechelewa, nikawapikia watoto mia mbili supu huku nanuka mayai ya samaki. Sijafurahi hivi tangu lini?

Jumamosi, 14 Februari

Aibu! Tulikuwa watano tumejipanga majini. Aliyenifuata ni Rolf, dereva mstaafu wa malori. Akapiga kelele: "Samaki!" Wenzake wakakusanya mishipi yao upesi kumpisha, ndiyo desturi. Mimi? Nimesimama namwangalia samaki akiruka, mdomo wazi! Mshipi wangu ukajisokota kwenye wake. Tap, ukakatika. Kwisha.

Baba akainuka kitini, akamkatia Rolf nusu ya soseji yetu ya moshi. "Binti yangu bado mgeni wa maji, usimchukulie vibaya." Rolf akatafuna, akatafuna. Soseji nzuri, akasema, ila yule samaki alikuwa mzuri zaidi. Wote wakacheka. Nami nikacheka, machozi yananilengalenga.

Jumapili, 22 Februari

Boya lilizama! Kweli kabisa! Nami nikalitazama tu, nikidhani chubwi limenasa.

"Mbona hukuvuta?"

"Nilidhani ni jiwe."

"Jiwe gani linapanda mto, Trudy?"

Amri mpya: likizama, vuta. Usiulize. Leo nimevuta mawe kumi na saba na gome moja la mti. Mkono unauma hadi begani. Nikifumba macho naliona boya.

Ijumaa, 27 Februari

Verna amefika. Masanduku yako mlangoni. Ndege ni saa nne na nusu asubuhi, uwanja uko mbali mwendo wa saa moja na nusu, kwa hiyo saa mbili kamili tunatoka. Nikaomba tupitie mtoni kwanza. Akanijia juu: mzee wa miaka themanini na mmoja, baridi hii, siku ya safari? Una akili kweli?

Baba akaingilia. "Verna, mama, mimi si sanduku. Naenda mtoni."

Sitaki aende. Haya, nimeandika. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 28 Februari

Naandika kwenye gogo, hapa hapa mtoni. Vidole ganzi. Saa mbili na nusu!

Saa mbili kasoro kumi Verna alishapiga honi mara mbili. Baba akasema, tupa mara ya mwisho. Nikatupa mbele ya jiwe kubwa, maji yanakotokea. Boya likashuka wima, taratibu — likapotea! Mkono ulivuta kabla sijawaza. Fimbo ikapinda, na akaruka — fedha tupu, mrefu kama mguu wangu! "Samaki!" Sauti yangu hata sikuijua. Rolf na wenzake wakakusanya mishipi. Mpini wa kigurudumu cha mshipi ukanitwanga vifundo vya vidole.

"Mwache aende! Mwache! Sasa mrudishe. Polepole, mama, polepole."

Dakika ishirini, hadi kwenye kona ya mto. Nikasikia maji yanapigwa nyuma yangu. Baba! Majini na viatu vyake vya safari, wavu mkononi, Rolf kamshika ukosi wa koti. Mikono inatetemeka, lakini wavu uliingia chini ya samaki mara moja tu.

Akapapasa mgongoni, karibu na mkia. Wa kufugwa hukatwa kipezi cha hapo wakiwa wachanga, kabla ya kuachiwa mtoni. "Kipo," akasema. Wa porini, basi. Huyo haliwi, kisheria anarudishwa. Baba akamshikilia kwenye mkondo hadi akapata nguvu, akamponyoka vidoleni. Baba analia. Mimi nalia. Rolf anapenga kamasi na kusingizia baridi.

Ndege hatuiwahi tena. Verna amesimama kwenye mawe na simu sikioni, mwekundu kwa hasira. Anapaza sauti: wanauliza, Baba, wakuandikie ndege ya kesho au ya Jumatatu?

Baba kakaa kando yangu, anakamua soksi. "Waambie wasubiri kidogo."

"Wasubiri nini, Baba?"

Baba anageukia mto. Ananigonga kiwiko. "Na wewe unaandika nini hapo? Kuna mwingine nyuma ya lile jiwe."