Nilidhani Nasema Moyoni

Mwenzangu, usipige. Shemeji yako yuko hapa pembeni anaendesha. Soma tu.

Leo ndiyo walikuwa wananitoa mayai ya kupandikiza mimba, mara ya nne hii. Unajua mimi na sindano. Nesi akasema nivae hedifoni nisikilize nyimbo ninazozipenda, woga na maumivu vitapungua. Nikaweka zile zetu za bwenini, sauti hadi mwisho.

Na zikasaidia kweli. Mwili ukalegea, shemeji yako kanishika mkono, nikafumba macho nikawa naomba moyoni.

Moyoni. Nilidhani ni moyoni.

Kumbe kwa kelele ile masikioni nilikuwa sijisikii. Chumba kizima kinanisikia: “Mungu wangu, ikishindikana na hii, mpe mume wangu moyo wa kukubali tuache. Mimi nimeshachoka, naogopa tu kumwambia.”

Nafumbua macho, daktari kainama, nesi anaangalia dari. Mkono wangu, shemeji yako kauachia. Navua hedifoni, nesi ananiambia taratibu, “Dada, ulikuwa unasema kwa sauti.”

Ulikuwa unasema kwa sauti. Natamani ardhi inimeze.

Shemeji yako hajanuna, afadhali angenuna. Kanivalisha viatu, kanifunga mkanda wa gari kama mtoto. Na unavyomjua, bila redio haendeshi. Leo kaizima.

Sasa tumesimama kwenye taa. Kaniuliza bila kunitazama, “Umechoka tangu mara ya ngapi?”

Ni tangu ya kwanza, mwenzangu. Taa imeshawaka kijani, na hajaondoa gari.